Mume Aliyekufa Kabla ya Kunioa

Karani wa kambi ya Kakuma aliniuliza mume wangu alikufa lini, nikamjibu: kabla hajanioa. Akaweka kalamu mezani.

"Mama, usinichezee akili. Foleni unaiona."

Mimi simchezei mtu akili, sembuse mtu anayegawa unga. Nikamweleza. Kwetu Bor, sisi Wadinka, kijana akifa bila mke jina lake haliachwi lipotee. Ndugu zake hutoa ng'ombe wakamwolea, na mdogo wake akazaa na mke huyo kwa niaba yake. Mke ni wa marehemu, watoto ni wa marehemu, na yule anayelala ndani ni kama mlinzi wa shamba la mtu. Lueth, mwana wa Ayuen, alikwenda vitani kupigana na serikali ya Khartoum. Mwenzake akarudi akasema amemwona kwa macho yake akianguka. Akaliliwa, mama yake akanyoa kichwa, na mwaka uliofuata mimi Adhieu nikaolewa na huyo Lueth. Aliyenipokea ni Kuir, mdogo wake. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwamba mimi ni mjane, akasema, "Nyinyi watu mna kazi."

Kiswahili changu nilikiokota kwenye foleni ya maji hapo hapo Kakuma, kwa hiyo kikiwa na ukali mnivumilie. Foleni ile haikumfundisha mtu upole.

Huyo Kuir si mtu wa maneno. Anatengeneza baiskeli, na ukimsemesha anajibu akiwa ameinamia mnyororo. Mbele za watu nilimwita shemeji, kama ilivyo adabu, na tukiwa wawili nilimwita jina ambalo haliwahusu. Tulizaa watoto watatu. Walimwita baba, lakini mtu akiwauliza nyinyi ni wa nani, walijibu bila kufikiri: wa Lueth. Kuir aliyasikia hayo kila siku na sikuwahi kumwona akinuna. Nilimpenda kwa hilo, na kwa mengine.

Amani ilipokuja tukarudi Bor, sisi na mama mkwe wangu, Mama Anyieth. Mji wao wa zamani tuliukuta kichaka. Nyumba ya mama, aliyozalia wanawe wote, ilikuwa imebaki duara la udongo mweusi. Tulijenga pembeni yake. Pale penyewe alikataa paguswe, na kila asubuhi alikwenda kupaangalia, kisha akawalaani Wanuer, kabila jirani, mpaka chai ipoe.

Wanuer walitushambulia, sikatai. Mwaka ule wapiganaji wetu walipogawanyika, ndugu na ndugu, walitujia na bunduki wakachukua ng'ombe na kuua watu, baba mkwe wangu mmojawapo, tukakimbia na tulichovaa. Tulipogeuka nyuma moshi ulikuwa kila upande. Sasa mimi nauza chai kwenye bandari ya mto, na jirani yangu wa biashara ni Nyakuoth, Mnuer, anauza samaki wakavu. Tulijuana Kakuma, tulizaa wiki moja, amenibebea mtoto nami nimembebea wake. Mama Anyieth hakutaka kumsikia. Nikileta samaki nyumbani aliwanusa akasema, "Hawa wametoka kwa mchoma nyumba." Akila asida yake kavu, ule ugali wetu wa mtama bila kitoweo, ananitazama. Siku moja alikuja bandarini akamwambia Nyakuoth hayo hayo usoni, mbele ya wateja. Nyakuoth alishusha macho akaendelea kufukuza nzi. Jioni akaniambia, "Mama yako ana mdomo. Lakini na mimi ningekuwa nao."

Basi nchi ikagawanyika, bendera ikapandishwa, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Baada ya hapo yakaanza kuja matishari kutoka kaskazini, yamejaa watu wetu waliokuwa Khartoum, na vitanda vyao, na makabati, na milango. Watu walisafiri na milango, jamani. Mimi nilishukuru, maana msafiri lazima anywe chai.

Siku moja akashuka mtu mrefu, anachechemea, ana mvi kidevuni na sanduku moja tu. Akakaa kwenye benchi langu akaomba chai yenye sukari nyingi, kama watu wa huko wanavyopenda. Akauliza kama naujua mji wa Ayuen.

"Naujua. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Lueth, mwanawe."

Chai ikafurika kikombe ikaniunguza vidole. Nikaweka birika chini.

"Kaka, Lueth amekufa zamani."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Mimi ni mke wake."

Alinitazama kama mtu anayetazamwa na kichaa na hataki kumkasirisha. "Dada," akasema taratibu, "mimi sijawahi kuwa na mke."

"Unaye," nikamwambia. "Na watoto watatu. Maliza chai twende."

Njiani nilimweleza yote. Sikuwa namwonea huruma wakati ule, nawaambia ukweli. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: mwenye shamba amerudi, na mlinzi atakwenda wapi?

Mama Anyieth alikuwa akipepeta mtama. Hakuinuka. Alimwuliza tu habari ya ng'ombe ambaye kwetu kila kijana hupewa akibalehe, "Dume lako la ujana lilikuwa la namna gani?"

"Jeupe lenye kichwa cheusi, mama. Pembe ya kushoto nilikuwa naikunja mwenyewe, ikavunjika nikalia, ukaniambia mwanamume halilii pembe."

Ungo ukamponyoka. Alikwenda mpaka kwenye ua wa miti, akasimama upande wake wa ua, Lueth upande wake. Maana kwetu mtu aliyeliliwa haingii hivi hivi. Lazima achinjiwe mbuzi mlangoni, amruke, na kabla ya kuruka aseme mbele ya ukoo alikuwa wapi na alifanya nini. Akidanganya akaruka, uongo unaingia naye ndani na kumla yeye na watoto. Na wa kusimamia jambo hilo ni baba yao mdogo, Mayen, anayekaa mbali, ng'ambo ya mabwawa. Tukatuma mtu. Tukimngoja, Lueth alilala nje chini ya turubai, na Mama Anyieth akahamishia kigoda chake kwenye ua. Alimpitishia maziwa katikati ya miti kwa kibuyu. Alimlisha mzee yule kama mtoto, akimwambia kunywa, umekonda, kunywa. Sikuwa nimemwona mama akicheka kwa koo namna ile tangu niolewe.

Jioni ile ile aliyofika Lueth, nilimkuta Kuir anafungua chandarua kwenye kitanda chetu.

"Unapeleka wapi?"

"Bandani, kwa ng'ombe."

"Nani kakwambia uhame?"

"Mwenye nyumba amekuja, Adhieu."

"Mwenye nyumba amelala chini ya turubai, hata hajaomba nyumba."

"Ataomba. Na hata asipoomba, ni yake." Akakunja chandarua vizuri, pembe kwa pembe, kama anachonifanyia ni kazi ya kawaida. "Miaka yote nimelala hapa kwa jina lake. Nitamwambia nini sasa?"

Nilimtukana. Nilimwambia ni mwoga, ni mbuzi, ni baiskeli isiyo na mnyororo. Akachukua chandarua akaenda. Nikakaa kitandani nikalia, mbu wakinila, na kesho yake nikawauzia watu chai chungu, wakanywa bila kulalamika kwa jinsi walivyouona uso wangu.

Mayen akafika. Ni mtu wa koti la suti hata jua likiwaka, na redio ndogo mfukoni, na anaipenda sheria ya ukoo kuliko anavyoupenda ukoo. Alitukusanya mlangoni mwa ua asubuhi, mbuzi akiwa amefungwa pembeni anatafuna kamba yake. Akatangaza, "Mambo ni mepesi. Ng'ombe walitolewa kwa jina la Lueth. Lueth huyu hapa. Akishavuka mbuzi huyu, mke ni wake, watoto ni wake, mji ni wake. Kuir, tunakushukuru, umelinda vizuri. Tutakutafutia na wewe wako."

Kuir akasema, "Sawa, baba." Sawa! Nilitaka kumrushia kitu. Binti yangu Yar alinishika mkono.

"Haya, Lueth," Mayen akasema. "Sema ulikuwa wapi, uruke, tule."

Lueth akasimama na sanduku lake. Mama Anyieth alikuwa ameona haya kwa ajili yake, akataka kumrahisishia. Akasema, "Alikuwa mateka, tutamhoji nini? Mwanangu, laiti wale Wanuer wasingeichoma nyumba yangu, leo ungelala ulipozaliwa."

Ningekuwa yeye ningenyamaza. Nasema hivi mbele yenu wote. Mlango ulikuwa wazi, mke amepewa, watoto wamepewa, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anajua lolote. Yeye akaweka sanduku chini.

"Mama, si wao," akasema. "Nyumba yako niliichoma mimi."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

"Nilianguka kweli," akasema. "Risasi ya paja. Walioniokota ni jeshi la serikali. Wakanitibu, halafu wakaniambia nichague, kaburi au sare yao. Nikachagua sare. Nilikuwa nataka kuishi, sina neno zuri zaidi ya hilo. Mwaka uliofuata baada ya nyinyi kukimbia, jeshi likaingia Bor, nami nimo. Tukatumwa kusafisha vijiji, waasi wasipate pa kulala. Walijua mimi ni wa hapa. Ndiyo maana kiberiti wakanipa mimi."

Mayen akafungua mdomo. Mama Anyieth akamwinulia mkono bila kumtazama.

"Nyumba ilikuwa imesimama?" akauliza.

"Imesimama, mama. Wanuer walichukua ng'ombe, banda walilivunja. Nyumba yako hawakuigusa."

"Na chungu changu kikubwa?"

"Kilikuwapo. Kilipasuka kwa moto. Nilikisikia."

"Uliangalia ndani kwanza?"

"Niliangalia. Niliita. Niliita mama, mama, wenzangu wakanicheka. Hakuna aliyeitika. Nikashukuru, ndipo nikawasha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Baada ya hapo nilitoroka nikaenda kaskazini, nikafyatua matofali Khartoum miaka yote hii. Ningerudi vipi? Ningekwambia nini?"

Mayen sasa alikuwa amepata sauti yake, na ilikuwa kubwa. Mtu aliyevaa sare ya adui akachoma kitanda cha mama yake hawezi kuvuka mbuzi wa ukoo huu. Arudi alikotoka. Jina lake limeshapewa mke, linamtosha. Na mimi nikafurahi. Nitawaficha nini? Nilifurahi kweli: aende, chandarua kirudi, tuendelee kula asida yetu. Nilikuwa namtazama yule mtu ameinama kuchukua sanduku, na moyoni nasema haraka, haraka.

Aliyemzuia ni Kuir. Kuir, asiyesema.

"Baba, ngoja. Kama ni kuchoma, mimi pia sivuki."

"Wewe unasema nini?"

"Tulipokwenda kulipiza kisasi, kabla hatujaenda Kakuma. Upande wa Wanuer, ng'ambo ya mto. Nimechoma nyumba nne kwa mkono wangu, na moja haikuwa tupu." Alikuwa anaongea na mikono yake, kama anavyoongea na mnyororo. "Nilirudi mkanipigia vigelegele. Hamkunichinjia mbuzi, hamkuniuliza nilikuwa wapi, kwa sababu nilirudi na ng'ombe. Wewe mwenyewe, baba, ulichukua majike mawili."

Mayen akatazama redio yake. Watu wengine wakatazama chini. Pale mlangoni tulikuwa wengi, na sidhani kama alikuwapo mwanamume wa umri ule ambaye hakuwa na lake. Niliolewa na nyumba hii, nikazaa na mtu huyu, na hilo la moto sikuwahi kulisikia. Nilikuwa najua tu kwamba kuna nyakati hali nyama ya kuchoma, anasema harufu inamkera. Nikafikiri tumbo.

Mama Anyieth alitembea mpaka kwenye duara lake la udongo mweusi. Alisimama pale akaligusa kwa kidole cha mguu. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeamua bei.

"Yule mwuza samaki," akasema, "nimemtukana kwa nyumba hii mbele za watu. Nitabeba wapi uso wangu?" Akamgeukia Mayen. "Na wewe, sheria yako iko hivi: Lueth amerudi, ama Lueth aende. Si ndiyo?"

"Ndiyo sheria."

"Lueth harudi wala haendi. Lueth amekufa. Nimemlilia mimi, nimenyoa kichwa hiki, na machozi yangu hayarudishwi jichoni. Ana mke wake, ana watoto wake, ametulia huko aliko. Tusimsumbue." Akamnyooshea kidole yule mtu mwenye sanduku. "Huyu ni mwingine. Yar, kwetu mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kufa anaitwa nani?"

"Chol, bibi," binti yangu akasema. Kila nyumba yetu ina Chol mmoja, mtoto aliyekuja kufidia aliyezikwa.

"Basi huyu ni Chol. Ndiye kitinda mimba wangu."

"Anyieth," Mayen akasema, "mwanamke wa umri wako azae?"

"Wewe umeshawahi kuzaa?"

"Mimi? Hapana."

"Basi niachie kazi yangu."

Mtu mmoja akacheka, akajaribu kuikohoa, ikashindikana, na kicheko kikashika watu wote. Yule mtu akauliza, "Mama, na mimi nina neno hapa?"

"Mtoto mchanga hana neno. Lakini nisikilize. Mke huyu ni shemeji yako, na Kuir ni kaka yako mkubwa, utamheshimu. Wewe ndiye mdogo kuliko wote, kwa hiyo maji ya kunawa unaleta wewe. Na nyumba yangu utaijenga, pale pale, peke yako, na nyasi utakata mwenyewe. Ukimaliza ndiyo tutasema habari ya kukuolea. Umekubali?"

Alilia. Mtu mzima, na pembe haikuwa imevunjika. Akasema amekubali. Mbuzi akachinjwa, Mama akachovya majani kwenye maji akamnyunyizia yule, naye akaruka na mguu wake mbovu, kisha akamwambia Kuir naye aruke, na Kuir akaruka. Baadaye nikawaona wengine nao wanasogea, mmoja mmoja, wanasema maneno kwa sauti ya chini, wanaruka. Mayen alikuwa wa mwisho. Alivua koti kwanza.

Chandarua kilirudi siku ile ile. Nilikifunga mwenyewe, na nikafunga fundo ambalo Kuir hana akili ya kulifungua.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chol hata hiyo ya tatu hakuingoja. Alikata nyasi msimu mzima wa kiangazi, akakanda udongo kwa miguu, na kwa kuwa alizoea matofali ya Khartoum alitaka kujenga nyumba ya pembe nne. Mama akamwambia hajawahi kulala kwenye sanduku na haanzi leo. Ikawa ya duara. Siku ya kuingia, mama alivaa shuka lake jipya akaja bandarini kwa miguu, na mimi nilipomwona anaelekea kwa Nyakuoth nikasimamisha biashara.

"Wewe," akamwambia. "Nyumba yangu aliichoma mwanangu. Nilikutukana bure."

Nyakuoth akaacha kufukuza nzi.

"Lakini ng'ombe mlichukua nyinyi," mama akaendelea. "Na mume wangu alikufa mwaka ule. Hayo sijayafuta."

"Sikatai, mama. Ni sisi." Nyakuoth akakunja kanga yake magotini. "Na kwetu pia mlikuja. Nyumba ya mjomba haikuwa tupu."

"Najua. Nimeambiwa na aliyekuwepo." Mama akainama akachagua samaki mkubwa, akamnusa kwa mazoea, akanipa mimi nibebe. "Njoo ule nao. Mwanangu mkubwa ana la kukwambia, na ni bora akwambie ukiwa umeshiba."

Akaja. Kuir alimwambia, nje, wakiwa wamekaa kwenye shina la mti uliobaki kwenye ujenzi. Sikwenda kusikiliza, ingawa mnanijua. Walikaa mpaka kivuli kikahama. Nyakuoth aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa karibu nami kwenye mkeka wa nyumba mpya, na goti lake likagusa langu kama zamani Kakuma. Asida ikapakuliwa, samaki akawekwa juu. Mama Anyieth akanyoosha mkono wa kwanza, kisha akakumbuka.

"Chol! Maji, wageni wanawe."

Yule mtu mrefu akainuka kutoka pembeni, akachechemea na birika na beseni, akapiga goti mbele ya Nyakuoth akammiminia maji mikononi. Nyakuoth alimtazama kidevu, akamtazama mama.

"Mama, hiki kitinda mimba chako mbona kina mvi?"

"Alizaliwa nazo," mama akasema, akamega samaki.